Rock and roll ya 1947 hadi 1958: mbona tukiipiga inageuka twist?

MpigaBesi_Kayole | Jumatatu, saa 2:40 usiku

Wadau, hamjambo. Tuko watano: magitaa mawili, besi, dramu na saksofoni ya tenori. Tumeombwa seti ya dakika 40 ya rock and roll ya mwanzo kabisa, kabla ya Beatles, kwa sherehe fulani pale Westlands. Orodha kwa sasa ni "Good Rockin' Tonight", "Rocket 88", "That's All Right", "Bo Diddley", "Tutti Frutti" na "Johnny B. Goode".

Noti tunazo, maneno tunayo. Lakini tukijirekodi na simu, zote sita zinasikika kama twist ya Daudi Kabaka (muziki wa dansi wa Nairobi wa miaka ya sitini) iliyovalishwa Kiingereza. Twist ya Kabaka haina ubaya, ila siyo tuliyoombwa. Tofauti iko wapi hasa: kwenye mapigo, vyombo, au mitambo? Na mshereheshaji anataka kutangaza wimbo wa kwanza wa rock and roll duniani. Ataje upi?

---

SanturiZaMzee | Jumatatu, saa 3:15 usiku

Nianze na mshereheshaji: asitaje wowote. Akitaja mmoja, mezani hakosekani mtu wa kumtajia mwingine uliotangulia, na huyo atakuwa na haki.

Hata jina lenyewe lina umri kuliko muziki. Trixie Smith aliimba maneno "rocks" na "roll" katika kichwa cha wimbo mmoja mwaka 1922, na maana haikuwa ya kanisani. Alan Freed, mtangazaji wa Cleveland anayesifiwa kwa kulibuni, alilieneza tu. Kuanzia 1951 alipiga santuri za watu weusi usiku redioni akijiita Moondog. Tarehe 21 Machi 1952 aliandaa dansi kwenye ukumbi wa watu kama 10,000, wakafurika maradufu, shughuli ikavunjwa. Alipohamia New York mwaka 1954, mwanamuziki wa mitaani aliyekuwa akilitumia jina Moondog kabla yake alimshtaki akashinda. Freed akabaki bila jina la kipindi, ndipo akaling'ang'ania lile la rock and roll. Yaani mahakama nayo ina mchango wake.

Muziki wenyewe ulizaliwa kwa ubahili. Bendi kubwa za swing (jazi ya dansi) zilikuwa na watu 15 hivi na zaidi. Vita vikaleta uhaba wa petroli na wa malighafi za santuri, mgomo wa wanamuziki ulioanza Agosti 1942 ukasimamisha kurekodi, na 1944 ikaja kodi nzito kwa kumbi za dansi. Aliyebaki hai ni mwenye bendi ndogo yenye kelele kubwa. Mfalme wao ni Louis Jordan: watu watano hadi saba, saksofoni mbele, boogie (mstari wa besi unaojirudia) chini, utani juu. Mtayarishaji wake pale kampuni ya santuri ya Decca, Milt Gabler, ndiye huyohuyo aliyesimamia "Rock Around the Clock" ya Bill Haley tarehe 12 Aprili 1954. Kwa hiyo ukisikia Haley amefanana na Jordan, masikio yako ni mazima.

Mshereheshaji aseme tu kwamba mtapiga nyimbo za kuanzia 1947, mwaka ambao Roy Brown alirekodi "Good Rockin' Tonight". Hilo hakuna wa kulipinga.

---

DramuKavu | Jumatatu, saa 4:02 usiku

Shida yenu iko kwa mpiga dramu, naye asikasirike, kwa sababu wengi tuliozoea kucheza na kinanda chenye mapigo ya kutengenezwa tumeharibika vivyo hivyo.

Mwambie aweke fimbo chini kwanza, ahesabu kwa mdomo. Kuna mwendo wa aina mbili. Mmoja umenyooka: kila pigo linagawanywa nusu kwa nusu, *taka-taka-taka-taka* (ndiyo, takataka, chekeni mmalize). Mwingine unachechemea: pigo linagawanywa mara tatu, unapiga kipande cha kwanza na cha tatu, *taa-ka taa-ka taa-ka taa-ka*. Boogie nyingi ya miaka ya 1940 inachechemea. Twist ya 1960 na ile ya Nairobi iliyofuata imenyooka, na wote kwenye bendi wananyooka pamoja.

Rock and roll mnayoitafuta iko katikati, na bendi haijakubaliana. Huyu ananyooka, yule anachechemea, katika wimbo mmoja, wakati mmoja. Huo mkwaruzano ndio unaosikia ukashindwa kuutaja. Sikiliza "Johnny B. Goode": gitaa la Chuck Berry limenyooka kama rula, Fred Below nyuma yake kwenye dramu anachechemea kama mtu wa jazi. Kule New Orleans, Little Richard alikuwa akigonga piano kwa mkono wa kulia taka-taka mfululizo, na mpiga dramu wake Earl Palmer, aliyezoea kuchechemea, alieleza baadaye kwamba ilimbidi aache njia yake amfuate. Kwenye "Tutti Frutti", Septemba 1955, mvutano bado upo. Ukifika "Lucille" ya 1957 wote wamenyooka, na hapo mlango wa muziki wa miaka ya sitini umefunguka.

Kwa orodha yenu:

"Good Rockin' Tonight" na "Rocket 88": bendi nzima inachechemea. Pigo la 2 na la 4 liende kwenye snea (dramu ndogo yenye mlio mkali) kwa nguvu. Wynonie Harris aliporudia wimbo wa Brown aliweka makofi kwenye 2 na 4, na watu wengi wanaikumbuka santuri yake kuliko ya mwenyewe kwa sababu hiyo. Waliokaa bila chombo wapige makofi.

"That's All Right": dramu zikae kimya. Zote. Rekodi ya Elvis Presley ya 5 Julai 1954 ina gitaa mbili na besi tu, na mlio kama wa dramu unaousikia ni nyuzi za besi kubwa ya Bill Black zikigonga ubao.

"Johnny B. Goode": dramu zichechemee, magitaa yanyooke. Kosa litakalotokea ni kwamba baada ya vipimo (kimoja ni mapigo manne) vinane hivi mpiga dramu atalisikia gitaa na kulifuata bila kujua. Msimpigie kelele. Fanyeni mazoezi ya dramu, besi na saksofoni bila gitaa kwa dakika kumi, kisha gitaa liingie kwa sauti ndogo. Jukwaani msogezeni upande wa saksofoni.

Halafu aache haihati (simbali mbili za kufungwa kwa mguu). Mkono wa kulia uende kwenye simbali kubwa. Dramu ya mguu ipige mapigo yote manne lakini kwa upole, isikike kidogo tu. Akianza kuiwekea madoido, mnaondoka 1955 mnaingia 1975.

Wewe wa besi, usirukeruke. Tembea, noti nne kwa kila kipimo. Kwenye B-flati panda B-flati, D, F, G, kisha A-flati na ushuke G, F, D. Hivyo vipimo viwili vimeisha. Kodi ya muziki (noti zinazolia pamoja) ikibadilika, umbo ni lilelile, mahali tofauti.

---

Nyuzi6 | Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Niongeze upande wa magitaa, maana nadhani mnatumia nyuzi nyembamba. Seti ya namba 9 (namba ni unene wa uzi mwembamba zaidi) haikuwepo madukani wakati ule. Walifunga nene, 12 na kuendelea, hata uzi wa tatu ukiwa umezungushiwa waya. Kuukunja uzi wa hivyo ni kazi, ndiyo maana Chuck Berry anapiga nyuzi mbili kwa pamoja badala ya kuvuta mmoja ulie. Fungeni angalau 11. Nyembamba zitakuvuta uanze kulia kama gitaa la miaka ya sabini.

Na ule mwanzo maarufu wa "Johnny B. Goode" usiogope kuuita wa kurithi. Carl Hogan aliupiga karibu vilevile mwanzoni mwa wimbo mmoja wa Louis Jordan mwaka 1946. Berry mwenyewe hakuficha.

Wimbo uko B-flati, ufunguo unaowafaa wapiga piano na saksofoni, siyo wa starehe ya mpiga gitaa. Ukiuchukulia uzi wa 6 fureti (kigawanyo cha shingo ya gitaa) ya 6, kidole kidogo lazima kinyooke hadi fureti ya 10 ya uzi wa 5 kila pigo la pili, na dakika mbili baadaye mkono umekufa ganzi. Gitaa la pili lifunge kapo (kibano cha nyuzi) fureti ya 1 na kucheza kama A. Fureti hizi zihesabiwe kuanzia kapo:

Kwa B-flati, uzi wa 5 wazi na uzi wa 4 fureti ya 2, ukibadilishana na ya 4. Kwa E-flati, uzi wa 4 wazi na uzi wa 3 vivyo hivyo. Kwa F, uzi wa 6 wazi na uzi wa 5 vivyo hivyo. Piga kuelekea chini tu, kila mara, kiganja kikigusa nyuzi kidogo karibu na daraja. Ukipiga chini na juu, unaanza kuchechemea pasipotakiwa.

Mzunguko ni vipimo 12: vinne vya B-flati, viwili vya E-flati, viwili vya B-flati, viwili vya F, viwili vya B-flati. Wengi huingiza E-flati kwenye kipimo cha 10 kwa mazoea ya bluzi. Hapa msiiweke.

"Bo Diddley" ndiyo itakuwa rahisi kwenu kuliko kwa bendi ya Ulaya. Gawa kipimo vipande 16, piga cha 1, 4, 7, 11 na 13. Umeshaujua? Ndio mgongo wa rumba, ule wa vijiti viwili. Santuri za Kikuba za mfululizo wa GV ziliuleta Afrika tangu miaka ya 1930, na Wamarekani weusi walikuwa nao wao wenyewe katika mchezo wa kujipiga mapaja na vifua. Kwa hiyo msifikiri mmoja alimwibia mwingine, wote ni wajukuu wa bibi mmoja. Bo Diddley aliupiga mwaka 1955 kwa kodi moja karibu wimbo wote, dramu zikipigwa za tumbo bila simbali, na Jerome Green akitikisa marakasi. Mkikosa marakasi, kayamba itafaa, ila itikiswe fupifupi, isiachiwe ikamwagika kama ya kwaya.

---

Kantri_Naivasha_Road | Jumanne, saa 7:05 mchana

Mmesahau upande wa kantri kabisa, na mji huu jinsi unavyoipenda kantri, ni aibu. Bill Haley alikuwa wa kantri. Bendi yake ikiitwa Saddlemen ilirudia "Rocket 88" mwaka huohuo ulipotoka, 1951. Delmore Brothers walikuwa na boogie ya magitaa 1946. Na upande wa pili wa santuri ya "That's All Right" ni wimbo wa Bill Monroe ambao asili yake ni waltzi, mapigo matatu. Elvis na wenzake waliufanya wa mapigo manne. Upande mmoja bluzi ya Arthur Crudup ya 1946, upande wa pili kantri, bei ya santuri moja.

---

SanturiZaMzee | Jumanne, saa 7:50 mchana

Kweli, nakubali. Ila tuseme yote: Crudup alikufa bila kuonja fedha za maana kutokana na wimbo huo. Na kwenye "Maybellene" ya Chuck Berry, 1955, jina la Alan Freed liliwekwa kama mtunzi mwenza ilhali hakutunga hata mstari. Lilikuja kuondolewa miaka 30 baadaye.

---

Nyuzi6 | Jumanne, saa 8:10 mchana

Kwa huo "That's All Right", gitaa la Scotty Moore, mpiga gitaa wa Elvis, lipigwe kwa dole gumba likibadilishana nyuzi nene mfululizo huku vidole vikichomoa sauti nyembamba juu. Mpiga gitaa wenu akiiweza "Masanga" ya Jean-Bosco Mwenda, mkono huu hautamsumbua. Ni A, bila kapo.

---

FundiWaSpika | Jumanne, saa 1:30 usiku

Mitambo sasa. Mambo mawili tu yanawahusu, mengine ni mapambo.

La kwanza ni mwangwi wa Sam Phillips, mwenye studio pale 706 Union Avenue, Memphis. Alikuwa na mashine mbili za tepu za Ampex. Sauti ikienda kwenye ya kwanza, akaipitisha pia kwenye ya pili, ambayo kichwa cha kurekodi na cha kusomea viko mbalimbali kama inchi 2. Tepu ikikimbia inchi 15 kwa sekunde, sauti inafika kwa msomaji ikiwa imechelewa 2 gawanya kwa 15, yaani sekunde 0.13. Hiyo iliyochelewa akaichanganya na ya mwanzo.

Kwa programu au pedali yoyote ya mwangwi: muda milisekunde 130, marudio moja tu, kiwango theluthi moja ya sauti kavu au chini yake, na punguza ukali wa juu wa huo mwangwi kwa sababu tepu huula. Watu hukosea kwenye marudio. Ukiweka matatu unapata sauti ya mhubiri wa mkutano wa hadhara Uhuru Park. Na zimeni ule mwangwi mwingine wa ukumbi ulio kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), viwili vikikutana maneno yanakuwa uji.

La pili ni gitaa la "Rocket 88". Machi 1951 bendi ya Ike Turner ilifika Memphis amplifaya ya Willie Kizart ikiwa imeharibika njiani, koni ya spika imepasuka. Phillips alijaza karatasi ndani akaendelea kurekodi, na ule mkoromo ukawa sauti ya wimbo. Angalieni anachopiga: siyo solo, ni mstari wa boogie uleule wa besi. Ndiyo maana mkoromo unafaa pale, unanenepesha besi.

Tafadhali msichane koni ya spika nzima. Chukueni spika ndogo ya akiba, bandikeni ukanda wa gazeti wa upana wa sentimita 2 kwenye fremu ili ncha yake iguse koni kidogo tu. Ikigandamiza, sauti inakufa. Ikilegea mno, inatetema kwenye noti za chini pekee. Spika iwe na omu zilizoandikwa nyuma ya amplifaya: ya transista ukiipa omu chache kuliko zinazotakiwa inachemka, na ya vali usiiwashe kamwe bila spika, transfoma ya kutolea sauti itaungua.

---

MpigaBesi_Kayole | Jumatano, saa 2:15 usiku

Asanteni sana, kweli mmetuonyesha. Dramu tumezirekebisha leo na tofauti imesikika mara moja.

Lakini Nyuzi6, kuna jambo linanitatiza. Unasema "Johnny B. Goode" ni B-flati. Sisi tuliunyaka kutoka kwenye santuri halisi ya 45, na kwetu uko G, labda juu kidogo ya F-shapu. Pleya ni ya Kimarekani ya zamani, volti 110, tumeiwekea transfoma ya kushusha kutoka 240. Inazunguka vizuri bila kuyumba. Nani anadanganya?

---

FundiWaSpika | Jumatano, saa 2:40 usiku

Pleya inadanganya, na sasa naona twist yenu ilitoka wapi nusu yake.

Transfoma hushusha volti, haigusi mzunguko wa umeme. Marekani ni hezi 60, Kenya ni 50. Mota za pleya za zamani hufuata hezi, siyo volti. Yenu inakwenda kwa 50 gawanya kwa 60, kwa hiyo 45 imekuwa 37.5. Sauti inashuka nusu-toni tatu na kidogo: B-flati inakuwa karibu na G, imelegea kidogo kuelekea F-shapu, kama ulivyosema. Na mwendo wa mapigo karibu 168 kwa dakika unakuwa 140. Mmejifunza seti nzima ikiwa nzito na ya polepole.

Hakikisha: weka alama ya chaki pembeni ya sahani, washa saa ya simu, hesabu mizunguko ya dakika moja sindano ikiwa juu ya santuri.

Kama inaendeshwa kwa gurudumu la mpira linalogusa mhimili wa mota, tiba ni bomba dogo la shaba la kuvika mhimili lenye kipenyo kilichozidi cha sasa kwa asilimia 20. Penye milimita 5, iwe 6. Fundi wa leithi atalichonga. Usizungushe tepu ya umeme kuongeza unene, pale inapoungana patafanya sauti iyumbe kila mzunguko. Kwa haraka, rekodi ulivyo kisha uharakishe faili kwa asilimia 20, sauti na kasi vikipanda pamoja.

---

MpigaBesi_Kayole | Alhamisi, saa 12:50 jioni

Nimehesabu mara tatu: 37 na nusu. Sasa mwimbaji analalamika B-flati imempanda. Tushuke A?

---

Nyuzi6 | Alhamisi, saa 1:05 usiku

Msishuke A, mtamwua wa saksofoni. Tenori huandikiwa toni moja juu: mkiwa B-flati yeye yuko C, safi kabisa, mkienda A yeye yuko B, shapu (noti za kupandisha) tano. Mkiwa G yeye yuko A, shapu tatu, anavumilia. Bakini G mliyoizoea, kapo itoke, E-flati iwe C na F iwe D. Ila kasi irudi 168.